Nimekuta bawa la ndege kwenye banda la mzee huku Saskatchewan, mtu wa skrepa anakuja Alhamisi, nifanyeje?

Mchunga_Kanola

Wakuu habari za saa hizi. Niko huku Kanada, Saskatchewan, kusini mwa Moose Jaw mwendo wa saa moja hivi na gari, nafanya kazi kwenye shamba la mzee mmoja wa Kizungu, ngano na kanola (zao la mafuta ya kupikia), huu mwaka wa nne. Mzee ana miaka 84, watoto wake wote wako mijini hakuna anayetaka habari za trekta, kwahiyo shamba limepata mnunuzi na mimi nimeambiwa kabla theluji haijashika nitoe kila kitu kilichomo kwenye banda kuukuu, lile jekundu la mbao, ambalo tangu nifike sijawahi kuliona limefunguliwa. Mlango ulikuwa umezama kwenye udongo, tumeuchimbua kwa koleo kama tunafukua kaburi.

Nilitegemea nikute majembe ya farasi na hatamu, na kweli yapo. Ila nyuma kabisa, chini ya turubai na magunia yaliyooza, nimekuta bawa la ndege. Sio kipande, bawa zima, la mbao, limepakwa njano iliyopauka, urefu kama mara mbili ya bodi la nyuma la pikapu. Pembeni yake kuna injini nyembamba ndefu, silinda sita kwa mstari mmoja, na kilichonishangaza silinda zenyewe zinaangalia chini, yaani kama mtu kaifunga juu chini. Kuna ubao mweusi wa dashibodi wenye geji nne na matundu ya zilizong'olewa. Kuna bati moja la aluminiamu nalo njano. Hapo ndo nikaanza kuelewa na vitu vingine ambavyo nimeishi navyo miaka yote hii bila kujua, lile toroli la kubebea marobota ya nyasi lina matairi madogo manene ya ajabu ajabu, kumbe ya ndege, na lile dude la plastiki angavu lililoko bustanini ambalo marehemu mke wa mzee alikuwa anafunikia miche ya nyanya isiungue na baridi, kumbe ni kifuniko cha rubani!

Mzee nikimuuliza anasema baba yake aliinunua hiyo takataka baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya magurudumu, basi. Jirani anasema ni Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, na tutakuwa matajiri. Mtu wa skrepa anakuja Alhamisi na lori lake, na mzee kaniambia fanya unavyoona. Sasa wajuzi, hii ndege gani, na ina maana yoyote au nipige kilo tu? Geji moja ilikuwa imelegea nimeichukua, nimeikwangua uchafu vizuri nimeiweka kwenye kimeza pembeni ya kitanda, ina mshale mzuri na namba zina rangi kama krimu iliyoungua.

Dalali_wa_Kweli

Piga kilo mkuu, bawa moja halirushi hata kuku 😂 Na hiyo injini waliyoifunga kichwa chini miguu juu ndo maana ikaishia bandani.

Fundi_Wilson

Ndugu yangu Mchunga, huyo wa skrepa mpe majembe peke yake halafu funga mlango.

Mimi ni fundi ndege hapa Nairobi, nilisomea chuo cha anga cha Soroti, Uganda, zamani zile, na kutokana na maelezo yako tu naweza kukwambia mambo mawili matatu. Kwanza sio Spitfire, jirani yako apumzike. Spitfire ina bawa la aluminiamu na injini ya silinda 12 zilizokaa mkao wa V. Hiyo ya silinda sita zinazoning'inia chini inanukia injini ya Ranger, na ndege ya njano ya Kanada yenye Ranger na bawa la plaiwudi ni Fairchild Cornell, ndege ya mafunzo ya awali. Yaani ile ambayo kijana aliyetoka kijijini hajawahi kupanda hata baiskeli ya gia anawekwa kiti cha mbele, mwalimu anakaa nyuma yake, na wanaanza kuruka na kutua, kuruka na kutua, mpaka mwalimu akate tamaa au amwachie aende peke yake. Rangi ya njano ni ya makusudi, ukiiona angani unajua huyo ni mwanagenzi, mpishe.

Na bwana Dalali, injini haijafungwa vibaya. Ukigeuza silinda ziangalie chini, shafti ya propela inapanda juu, propela inapata nafasi isiguse ardhi, na pua ya ndege inakuwa nyembamba rubani anaona mbele. Kasoro yake ni moja, oili inateremka taratibu inajaa kwenye vichwa vya silinda ikikaa muda. Ndo maana nakuomba Mchunga usithubutu kuzungusha propela wala shafti kwa nguvu, oili haiminyiki kama hewa, kitakachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Plagi zitolewe kwanza, na hiyo kazi sio yako.

Nahitaji vitu viwili. Kwenye injini tafuta kibao kidogo cha chuma chenye maandishi, usikisugue na msasa wala brashi ya waya, kifute na kitambaa kikavu upige picha. Halafu lile bati la aluminiamu ligeuze upande wa ndani, tafuta namba iliyogongwa au iliyochapwa kwa wino, nitajie mwanzo wake tu. Nina wasiwasi nalo hilo bati maana Cornell mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyovishwa kitambaa, na bawa na mkia ni mbao. Bati kubwa la aluminiamu linatoka wapi?

Dada_Eksirei

Jamani mnaongelea injini wakati mwenzenu ana geji pembeni ya mto wa kulalia.

Kaka Mchunga, mimi nafanya kazi na mionzi hospitalini, sio mambo ya ndege, lakini namba zenye rangi ya krimu iliyoungua kwenye geji ya miaka ya 1940 karibu kila mara ni rangi ya radiamu. Walikuwa wanapaka ili rubani aone usiku bila taa. Ilikuwa inang'aa kwa sababu radiamu inapiga ile dawa ya zinki iliyochanganywa nayo, dawa ya zinki inachoka baada ya miaka michache na mng'ao unakufa, ndo maana sasa hivi ukizima taa huoni kitu ukadhani imekwisha. Radiamu yenyewe haijaenda popote. Inachukua miaka kama 1600 ipungue nusu. Hiyo geji yako kwa mionzi ni kijana kabisa.

Ikiwa nzima na kioo chake, ukiishika dakika mbili haitakuua, usilie. Shida ni vumbi la ile rangi, ambalo linakuwa unga ukilivuta au ukalila, likiingia mwilini linafuata mifupa. Wewe umesema UMEIKWANGUA. Umekwangua nje au ndani? Kioo kipo? Na pili radiamu inatoa gesi ya radoni, ambayo chumba kidogo kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi sio mahali pake. Itoe sasa hivi, iweke kwenye mfuko wa plastiki miwili, mmoja ndani ya mwingine, ipeleke bandani mbali na watu, kimeza kifute na kitambaa kilicholowa ambacho nacho unakitia kwenye mfuko, unawe mikono. Usifagie wala usipulize. Huko kwenu Kanada kuna tume ya nyuklia inaitwa CNSC, wana maelekezo ya vifaa vya radiamu vya zamani, wapigie simu.

Mchunga_Kanola

Dada nimetoka kitandani mbio hapa. Kioo kipo hakina ufa, nilikwangua nje tu kinyesi cha panya. Nimefanya ulivyosema, geji iko bandani ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko. Asante sana aisee, Mungu akuzidishie. Nililala nayo siku tatu.

Dada_Eksirei

Siku tatu kioo kizima utaishi. Ila kinyesi cha panya nacho sio cha kukwangua mikono mitupu, huko Amerika ya Kaskazini kuna virusi vya hanta vinavyotoka kwa panya wa mashambani, watu wanaumwa mapafu. Ukirudi bandani vaa barakoa na glovu, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini kabla hujagusa viota. Nimemaliza, endeleeni na injini zenu.

Mchunga_Kanola

Fundi nimerudi na majibu, nimevaa barakoa kama daktari wa upasuaji mzee akanicheka.

Kibao cha injini kipo, kimeandikwa Ranger Aircraft Engines, chini yake 6-440 na herufi zimefifia. Kwahiyo umepatia kaka. Bati nimeligeuza, ndani kuna rangi ya kijani kibichi-njano na namba imechapwa inaanza 66 halafu kistari halafu namba nyingine nyingi. Pembeni lina vifungo ambavyo ukitia bisibisi ukazungusha robo tu vinafunguka. Bawa nimefungua kitundu kimoja cha ukaguzi chini yake, panya wamejenga mji humo, magazeti, sufi, ngano, kila kitu. Mbao kwa juu inaonekana nzima lakini ukigonga kuna sehemu inalia kwa mlio mwingine, kama tikiti lililoiva kupita kiasi.

Fundi_Wilson

Hapo ndo pazuri sasa. 66 ni namba ya mkataba wa kiwanda cha ndege cha Marekani kinachoitwa North American, walikuwa wanaanza namba za spea na namba ya mkataba wa ndege yenyewe. 66 ni Harvard II. Kwahiyo baba yake mzee hakununua ndege moja, ana vipande vya ndege mbili tofauti humo. Cornell ni darasa la kwanza, Harvard ni la pili, injini ya nyota ya Pratt & Whitney nguvu farasi 600, ukisikia inapita juu unaziba masikio maana ncha za propela zinakaribia mwendo wa sauti. Mwanafunzi aliyefaulu Cornell wenye mkono mwepesi wanapelekwa huko.

Huo mlio wa tikiti ni gundi imeachia. Mbao na mbao zimeachana ndani, unyevu umeingia. Hilo bawa halitaruka tena hata likipakwa dhahabu, na hata huko Marekani wakati ndege hizi bado changa walilalamika mabawa ya plaiwudi yanaharibika yakikaa nje kwenye joto na mvua. Lakini kutoruka sio kutokuwa na kazi, ngoja wenye makumbusho waje wakueleze.

Mlinda_Hanga

Nimeitwa nimeitika 😄 Mimi Mkenya niko Alberta, fundi umeme kwa mshahara na jumamosi najitolea kwenye makumbusho ya ndege, nafuta mafuta tu na kubeba vitu vizito lakini miaka sita masikio yamesikia mengi.

Mchunga, kujua kwa nini hivi vitu viko bandani kwenu lazima ujue hapo ulipo palikuwa nini. Tarehe 17 Desemba 1939 Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand walisaini Ottawa mpango wa kufundisha marubani na watu wengine wa ndani ya ndege, navigeta, wapiga bunduki, watu wa redio. Uingereza ilikuwa inapigwa mabomu na hali ya hewa yake kila siku ni ukungu, huwezi kumfundisha mtu kuruka huku Mjerumani anamwinda. Kanada ilikuwa na kitu kimoja kwa wingi usio na kifani, ardhi tambarare. Wakatawanya viwanja kila mahali, na sehemu nzuri kuliko zote ni hizo prairi zenu ambako ukikosea unatua kwenye ngano. Mpaka unafungwa tarehe 31 Machi 1945 walikuwa wamehitimu watu 131,553. Kwa ndege zaidi ya elfu kumi. Kusini mwa Moose Jaw ulipo wewe, Assiniboia palikuwa na shule ya awali, magharibi kidogo ya Moose Jaw pale Caron palikuwa na nyingine, walianza na vindege vya Tiger Moth baadaye wakapewa Cornell ambayo ina kifuniko cha kuteleza, maana Tiger Moth hata ikifunikwa ilikuwa friji inayoruka. Na Moose Jaw mjini palikuwa na Harvard. Kwahiyo bawa na bati lako vyote ni watoto wa nyumbani, havikutoka mbali.

Sasa vita vimekwisha, serikali ina maelfu ya ndege za njano ambazo hakuna anayezitaka. Shirika la kuuza mali za vita, War Assets Corporation, likaziuza kwa bei ya kutupa. Nani anunue? Wakulima! Na hawakununua ndege jamani, wakulima hawa walikuwa wametoka kwenye ukame na njaa ya miaka ya 1930, wanaona kule kuna tairi zenye beringi nzuri, nyaya, bolti maelfu, matanki, bomba za haidroliki, na wakati mwingine petroli iliyobaki humo humo. Wanaikokota nyumbani na trekta barabarani, watoto wanaichezea wiki mbili, baba anaikata anachotaka, inayobaki inasukumwa nyuma ya banda. Kuna matela ya shambani mpaka leo yanatembelea magurudumu ya Anson, ndege nyingine ya mafunzo. Kuna walioweka kuku ndani. Toroli lako na miche ya nyanya ya mama ni hadithi hiyo hiyo kabisa, nimeisoma nikacheka peke yangu kwenye basi.

Na usidharau vya bandani. Ile Blenheim, ndege ya mabomu ya Waingereza, inayoruka Duxford kule Uingereza, mwili wake ulitengenezwa kutoka kwa Bolingbroke, yaani Blenheim zilizojengwa Kanada zikatumika kufundishia na baadaye kuozea mashambani. Pua yake ndo kichekesho, kuna Mwingereza baada ya vita alinunua pua ya Blenheim akaigeuza gari la umeme akawa anaiendesha barabarani. Kutoka gari ikarudi kuwa ndege, ikaruka tena 2014.

Unachotakiwa kufanya sasa, nisikilize vizuri.

Usioshe kitu. Usipake oili. Kabla hujasogeza kitu kingine chochote piga picha kilipo, kwa mbali na kwa karibu, hata takataka zilizokizunguka, kwa sababu kitu kikishatoka bandani bila picha kinabaki spea tu, hakina kwao. Kibao cha injini KIBAKI kwenye injini. Kuna watu watakutumia ujumbe kwamba wanataka hicho kibao peke yake na watakupa hela nzuri, jiulize kwa nini. Kibao ndicho jina la kitu, kuna mtu ana ndege ya kuungaunga anatafuta jina la kuivisha. Halafu mkalishe mzee chini umrekodi kwenye simu, nani alinunua, wapi, mwaka gani, ilikokotwaje. Hiyo rekodi kwetu wakati mwingine inazidi bawa.

Baadaye piga simu. Brandon, Manitoba, kilomita mia nne na kitu kutoka kwenu, kuna makumbusho ya huo mpango wenyewe, Commonwealth Air Training Plan Museum, wako uwanja wa ndege ndani ya hanga halisi la wakati wa vita, walianza 1981 na vitu vingi walivyonavyo vilitoka kwa wakulima hivyo hivyo. Karibu zaidi kuna Western Development Museum hapo hapo Moose Jaw. Bawa bovu kwao ni mali, wanalifungua ubavu mmoja mmoja wanatumia kama kielelezo cha kuchonga jipya, maana michoro haionyeshi kila kitu.

Dalali_wa_Kweli

Maelezo mazuri ila mnamjaza mwenzenu hewa. Yeye ni kibarua, shamba linauzwa, mwisho wa mwezi hana kazi. Makumbusho watampa cheti na picha. Shilingi ngapi? Semeni bei.

Mlinda_Hanga

Swali la haki na sitalikwepa. Sitakupa bei maana inategemea hali ya kitu na nani anakitaka siku hiyo, na bawa lenye gundi iliyoachia na injini iliyoganda sio utajiri, mwambie na jirani. Ila kuna mambo mawili. La kwanza, vitu si vyake, ni vya mzee, na mzee kusema fanya unavyoona sio hati. Shamba likiwa kwenye mauzo, aandike karatasi kwamba vitu hivi viko nje ya mauzo na vinaenda kwa fulani, la sivyo mnunuzi wa shamba anaweza kusema banda na vilivyomo ni vyake. La pili, asimuuzie mtu wa nje ya Kanada haraka haraka, kuna sheria ya mali za urithi, vitu vilivyozidi miaka 50 vinaweza kuhitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Na mzee akitoa kwa makumbusho anaweza kupata nafuu ya kodi, ambayo kwa mtu anayeuza shamba sio kitu kidogo. Akipata nafuu hiyo, kumkumbuka kijana aliyechimbua mlango ni baina yao.

Baba_Wichita

Niko Kansas miaka 19, niongeze la huku. Stearman, ile ndege ya mafunzo ya mabawa mawili mawili, ilijengwa hapa hapa Wichita, zaidi ya 8,000. Baada ya vita watu wa kunyunyizia dawa mashambani wakazitaka sana lakini injini yake ilikuwa ndogo kwa mzigo. Sasa kulikuwa na ndege nyingine ya mafunzo, Vultee BT-13, ina Pratt & Whitney ya farasi 450. Basi jamaa wakawa wananunua BT-13 nzima, inayoruka, wanang'oa injini wanaipachika kwenye Stearman, mwili wa Vultee wanausukumia vichakani. Leo Stearman zipo nyingi tu zinaruka na BT-13 nzima ni za kutafuta kwa tochi. Mzee mmoja kanisani kwetu alinionyesha kiti cha Vultee amekifanya kiti cha trekta. Kinatikisika kuliko cha kwangu cha basi lakini hakuna atakayemng'oa hapo.

Mstaafu_Ngerengere

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimesoma nimekumbuka mbali. Kanada huyo anayezungumzwa hapa ndiye aliyekuja kutusaidia Tanzania. Baada ya Jeshi la Wananchi kuundwa 1964, Wajerumani wa Magharibi ndio walianza na kikosi cha anga wakaleta vindege vya mafunzo vya Piaggio, halafu 1965 ukaja ule ugomvi wa ubalozi wa Ujerumani Mashariki, wakafunga virago wakaondoka. Kanada akashika nafasi mpaka 1970, ndo zikaja ndege zake za usafiri, Otter na Caribou. Na vijana wetu wakapelekwa huko huko kwenye baridi kujifunza. Wenzetu Kenya mwaka 1964 walianza na ndege za mafunzo za Chipmunk kutoka kwa Waingereza, na Chipmunk imebuniwa Kanada, kwahiyo huwezi kumkwepa.

Na hiyo Cornell kijana wangu ilifika Afrika pia, Rodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ilikuwa na shule kama hizo wakati wa vita, walipelekewa Cornell zikachukua nafasi ya Tiger Moth. Bawa la plaiwudi na jua la Afrika, Fundi malizia mwenyewe.

Swali langu kwa wa nyumbani, zile Piaggio ziliishia kwenye banda gani?

Fundi_Wilson

Mzee shikamoo. Hilo la Piaggio na mimi nalitaka jibu. Hapa uwanja wa ndege wa Wilson ukizunguka nyuma ya mahanga utakuta mikia na mabawa yamelala kwenye nyasi, watu wanapita nayo kila siku kama mawe.

Mchunga_Kanola

Wakuu naomba radhi kupotea, kulikuwa na kuvuna usiku kucha, mvua ilikuwa inatishia.

Alhamisi mtu wa skrepa alikuja, nikampa majembe, kitanda cha chuma na injini ya kombaini iliyopasuka. Akachungulia ndani akaona njano, akaniambia na hilo bati je, nikasema hilo lina mwenyewe. Akaongeza bei papo hapo, nikajua kumbe na yeye anajua.

Brandon nimepiga simu, aliyepokea ni mzee wa sauti ndogo, nilipomtajia 66 akanyamaza kidogo akaniomba nirudie. Wanakuja na trela wiki ijayo kabla ya theluji. Ile geji kwenye ndoo wamesema nisiiguse wataishughulikia wenyewe wana utaratibu wake, na zile nyingine kwenye ubao ziachwe hapo hapo. Karatasi mzee ameandika, wakili wake wa mauzo ya shamba ameigonga muhuri.

Kumrekodi ndo ilikuwa kazi. Siku ya kwanza alisema hakuna cha kusema. Siku ya pili nikamwomba anisaidie tu kushika tochi wakati natoa mji wa panya kwenye bawa (klorini, barakoa, Dada usigombe), akakaa juu ya ndoo akawa anaangalia. Nikatoa gazeti, nikatoa sufi ya mtu, akasema hiyo sweta ya dada yangu. Halafu akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Baba yake aliikokota Cornell kutoka upande wa Assiniboia, trekta mbele ndege nyuma, mabawa yametolewa yamefungwa kwenye gari la farasi la jirani, safari ya siku mbili, yeye ana miaka sita amekaa ndani ya kokpiti njia nzima ameshika usukani. Anasema alidhani anaendesha. Kile kiti kilikuwa kirefu kwake haoni nje, kwahiyo alichokiona safari nzima ni geji na mbingu. Bati la Harvard hakumbuki limetoka wapi, anadhani baba yake alibadilishana na nguruwe.

Akanieleza pia ya 1954, Aprili, yuko shule, Harvard ya mafunzo iligongana angani na ndege ya abiria juu kabisa ya mji wa Moose Jaw, walikufa watu 37, mmoja wao mama aliyekuwa chini akifanya kazi ndani ya nyumba. Anasema baada ya siku hiyo baba yake alilivuta bawa akaliingiza bandani, akatupia turubai, na hakuna aliyelizungumzia tena mezani. Hapo akanyamaza na mimi nikazima simu.

Jana tumetoa vyote tumevipanga kwenye nyasi kavu tukapiga picha. Kifuniko cha rubani nimekiosha... hapana, SIJAKIOSHA Mlinda_Hanga, bado kina udongo wa nyanya pembeni, nimeuacha. Mzee kazunguka mara mbili na fimbo yake, kakubali kila kitu kiende Brandon, kasaini, ila kabla ya kalamu kushuka akasimama akaonyesha toroli la nyasi. Hilo haliendi. Nikamwambia mzee lakini yale magurudumu ndo sababu baba yako aliinunua ndege, ndo wanayoyataka. Akasema toroli bado linafanya kazi.